Neno Moja la Kipngeno

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Tecla hupangusa kona moja ya meza yake ya kukatia nguo, akachora miraba kwa chaki na kuweka vifungo vyeusi mahali ambapo herufi hazitakaa. Wateja wake wa Kapsoit wameshazoea. Anayekuja kupimwa sare husubiri kwanza fundi apate neno.

Fumbo la maneno analolitungia jarida la kanisa humla karibu mwezi mzima. Neno la kulala likikubali, la kusimama linagoma. Akibadilisha moja, lazima afumue yote yanayoligusa, kama aliyeshona mkono wa blauzi nyuma mbele. Naye anataka kitu kimoja tu: wanawake wakikaa nje ya kanisa na chai yao Jumapili, fumbo likubali mpaka mraba wa mwisho.

Jumapili hiyo halikukubali. Nyakerario, muuza ndizi, alimrudishia jarida lililofutwafutwa hadi karatasi ikatoboka.

"Tecla, hii ni fumbo ama ni adhabu?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema labda macho ya fundi yamechoka.

Tecla akasoma, na damu ikamchemka. Neno la katikati, lililobeba mengine yote, lilikuwa CHEMCHEMI. Sasa dokezo lake lilisema: mgeni wetu wa harambee. Kila mtu alijua mgeni ni Kipkosgei, na kila mtu alimjaza humo.

Alimkuta Kipngeno, mhariri wa jarida, akipanga viti. Kijana hakuona kosa kubadilisha dokezo bila kumuuliza. Alitaka kumfurahisha mgeni, na alikuwa amehesabu miraba: chemchemi tisa, Kipkosgei tisa.

"Imeingia sawasawa, mama. Si ni neno moja tu?"

"Chumvi yangu sasa inaanza na K," Tecla akamwambia. "Edeni inaanza na P. Hiyo Pdeni iko wapi, nikatembee?"

Kipngeno akasema asijali, kesho atapita dukani arekebishe, kazi ya dakika. Alikuja kweli. Tecla akampa chaki, akamwachia kona ya meza. Vifungo vikahamishwa huku, vikarudishwa kule. Chai aliyowekewa ikapoa, ikafanya utando. Mwishowe akakumbuka ana mkutano, akaondoka na chaki kwenye mkono wa koti. Pole hakusema. Na jarida lilikuwa limeshasambaa, jina la Tecla chini ya fumbo ambalo hakuna aliyeweza kulimaliza.

Nyakerario, aliyekuwa amekuja kuchukua gauni lake, aliona yote. Akaitazama ile miraba iliyovurugwa, kisha akamuuliza Tecla: kama huyo kijana angekuja mapema kuomba jina la mgeni liingie, angemkatalia?

Tecla alikuwa ameshashika kitambaa, anafuta meza.

"Ningemwekea," akasema. "Ningeanza tu upya."