Ngumi Iliyosikia Vibaya

Kama hujapigwa na Kioko, basi Mwembe Tayari hujaijua. Watu wa stendi pale wanatambuana kwa hilo: huyu aliondolewa jino, yule aliachiwa sikio linalovuma kama redio isiyoshika stesheni. Mwanamume ana mkono kama mguu wa meza. Alitoka kwao Makueni miaka mitatu iliyopita, akashika mkokoteni, na tangu hapo kazi yake ni kubeba: magunia ya viazi, mabegi ya abiria, makochi ya wanaohama. Mkokoteni ule ukijaa, wanaume wanne hawausogezi. Kioko anauvuta peke yake na mluzi juu.

Kwa nguvu hana mpinzani, na anayebisha aende akajaribu, matanga tutakaa. Tabu yake iko kichwani. Kioko ana akili mbili, kama wewe tu, ila yake ya kwanza ni pikipiki na ya pili ni mkokoteni wenye pancha. Ya kwanza ikiona kitu imeshafika, imeshahukumu, imeshapiga. Ya pili inakuja baadaye inahema, inauliza, "Jamani, kulikuwa na nini hapa?" Inakuta mtu yuko chini.

Muulize Ronny, mpiga debe wa mabasi ya bara. Siku moja aliegemea nguzo anatazama simu, akacheka. Kosa lake ni hilo tu, kucheka Kioko akipita. Kioko aliuacha mkokoteni katikati ya barabara, akamfuata, akamtia ngumi mbili za mdomo. Meno mawili yakaruka kama njugu.

"Unanicheka mimi?"

Ronny hakuwa na mdomo wa kujibia. Aligeuza simu tu, damu ikidondokea kioo: mbuzi amepanda juu ya gari, anateleza. Watu wote wakainama kumtazama yule mbuzi. Na kwa kweli alikuwa anachekesha.

Au muulize Griffins, shemeji yake, aliyekuja kumtembelea dada yake bila kupiga simu. Kioko alirudi nyumbani akakuta viatu vya kiume mlangoni. Hakuuliza ni vya nani. Aliingia ngumi mbele, yeye nyuma. Pua ya Griffins mpaka leo inatazama kushoto. Akitaka kunusa chai iliyo mbele yake lazima ageuke.

Siku ile ndipo mkewe, Truphosa, alipochoka. Truphosa anafagia ofisi moja karibu na Ngome ya Yesu, mwanamke wa maneno machache, na akianza kusema hata feni inapunguza mwendo.

"Baba Mwende, kaa."

"Mimi nilidhani ni—"

"Ulidhani. Wewe kila siku ulidhani. Sasa sikiliza. Ofisini walileta mtu wa kuwashauri wafanyakazi. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio, lakini masikio nilikuwa nayo. Alisema kuna fikra za mbio na fikra za polepole. Za mbio ni za kukwepa gari. Ukimhukumu mtu kwa hizo utamuua. Akataja na magonjwa yake moja moja, nikadhani kuna mtu amempelekea habari zako."

"Magonjwa gani?"

"Kusoma mawazo ya watu. Mtu akicheka kule mtaa wa Tudor, wewe huku unasema unachekwa. Kufanya kimoja kiwe vyote: mzee mmoja wa Mji wa Kale alikufokea, sasa Mji wa Kale mzima unakudharau. Na lile kubwa: ukihisi kitu moyoni, unaona ushapata ushahidi."

Kioko akasimama. "Huyo mtu ananijua. Nionyeshe nyumba yake."

"Umeona?" Truphosa akasema. "Umeona, baba Mwende? Haya. Ukimpiga mtu tena kabla ya kumuuliza, mimi na Mwende tunapanda basi. Kwetu. Na unajua nikisema."

Kioko alijua. Na hapo ndipo palipomshika, maana Mwende ni binti wa miaka minne, ana mashavu kama maandazi ya asubuhi, na Kioko anaweza kuishi bila meno, bila mkokoteni, hata bila Truphosa siku mbili tatu kama kuna chapati. Bila Mwende hawezi. Wakahama, wakapanga chumba nyuma ya Ndia Kuu, mle mle Mji wa Kale, awe mbali kidogo na stendi na vinywa vyake. Miezi miwili Kioko hakupiga mtu. Alipiga ukuta mara tano na mlango mara moja, lakini hao hawana mashahidi.

Wiki aliyoharibu, kulikuwa na sauti inazunguka kwenye simu za mahamali, wabebaji wenzake. Mwanamke analia, anasema watoto wanatekwa, wanafungiwa majumbani, wanavushwa mpaka. Hakusema mji gani wala mwaka gani. Kioko aliisikiliza mara tisa. Kufikia mara ya tisa, kila mzee mwenye peremende mfukoni alikuwa mmoja wa watekaji.

Basi saa saba mchana, jua linachoma utosi, Kioko na wenzake watano walikuwa wamepeleka kabati Ndia Kuu. Mmoja wao ni Kavumbi, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kioko akasema, "Ngojeni nimwone mtoto." Mwende mchana hukaa kwa Kanze, jirani. Akaenda, akakuta mlango wa Kanze una kufuli. Akaita, akalivuta kufuli, likakataa.

Akili ya kwanza ikawasha pikipiki.

Akarudi nyuma, akapita duka la Mzee Taib, mlango wa tatu, anayeuza makasha ya kale na birika za shaba. Mlango umefungwa mchana kweupe. Ndani, mzee anaongea na simu, sauti inatokea dirishani:

"Nakwambia, dadangu, huyu mwana wa hamali leo tumemteka hata basi. Mlango nimeutia komeo..." Hapo pikipiki ikapita inapiga honi, maneno yakapotea. Kisha: "...na babake akija, naye tutamteka!"

Wewe nawe umeshakunja ngumi, eh? Haya, ikunjue kwanza, utaumia bure.

Kioko hakuikunjua. "Kavumbi!" alinguruma. "Wamemteka mwanangu! Amefungiwa humu!"

Hakugonga mlango. Aliugeuza mkokoteni, wanaume sita wakaushika, wakarudi nyuma hatua kumi, wakaja nao mbio kama kifaru. Pigo la kwanza komeo likalia. La pili mlango ukang'oka na bawaba zake, ukaanguka ndani pamoja na vumbi la miaka mia. Birika zikamwagika sakafuni kwa kishindo kama kengele za kanisa.

Mzee Taib alikuwa amesimama, simu sikioni, miaka sabini na kilo hamsini. Alifungua mdomo labda aseme karibuni. Ngumi ya Kioko ilimkuta mdomo uko wazi. Taya likalia ka!, kama ukuni mkavu. Mzee akaruka juu ya kasha, akaangukia mgongo. Kofia ilikwenda kwake, miwani kwake. Kioko akamfuata chini, akampiga teke la mbavu, akamwinua kwa kanzu, akampigiza ukutani, akamwachia. Damu ikatoka puani, ikaingia kwenye ndevu nyeupe, ikazigeuza nyekundu huku ukitazama.

Huku nje neno lilishapaa. "Mteka watoto! Ameshikwa!" Watu wakaja kutoka vichochoro vyote, wenye pikipiki, wauza vinyago, wapita njia, na wenzake wa stendi waliopigiwa simu. Waliokuja hawakuuliza; kila mmoja alimwona mwenzake anapiga, akajua lazima kuna sababu. Mateke yakashuka. Mmoja akamkanyaga mzee mkono, vidole vikalia. Mwingine akaja na chupa ya petroli aliyoifyonza kwenye pikipiki.

Na hapo Mwende akatokea nyuma ya kasha, mashavu yamelowa machozi, analia.

"Mwende! Amekufanya nini huyu?"

"Babu Taib ameniteka!" mtoto akalia. "Ameniteka sana, baba!"

Basi tena. Mtoto mwenyewe ameshatamka. Watu wakapiga kelele kama goli limeingia. Mzee akaburutwa kwa miguu mpaka barabarani, kichwa kinagonga kizingiti, kinagonga jiwe. Kavumbi akaokota tofali la pembeni, akalinyanyua juu kwa mikono miwili.

Kioko alimbeba bintiye amtoe pale. Na sijui ni uzito wa mtoto au ni vile alivyomtetemekea kifuani, lakini ule mkokoteni wenye pancha, ile akili ya pili, ukaanza kufika, kwa shida, unakwaruza. Akamuuliza. Mara ya kwanza maishani mwake Kioko akamuuliza mtu kitu ili ajue, si ili apige.

"Amekuteka vipi, mama? Nionyeshe."

Mwende akapangusa kamasi, akajishika mbavu kwa mikono yote miwili, akajikunja nyuma, na huku bado analia akafanya, "Kwa! Kwa! Kwa! Kwa!"

"Huko si kucheka?" Kioko akauliza.

"Nilikuwa nakuigiza wewe," mtoto akasema. "Bi Kanze ameenda kung'olewa jino, akaniacha kwa babu. Mimi nikavuta kiti nikisema, 'Pisha! Pisha! Nitakupasua!' Babu akaniteka, mato yakamtoka matozi. Akafunga mlango nisitoke ndiani. Akasema baba akija tumtolee ule mchezo tumteke."

Sasa ndiyo nikwambie, kama hukuzaliwa huku: Mji wa Kale wazee hawacheki. Wateka, kama vile macho kwao ni mato na njia ni ndia. Wana t yao ya ulimi kugusa meno, si ile ya kuteka maji wala ya kuteka watu, lakini sikio la Makueni halina droo mbili. Mtoto amecheza na watoto wa mtaa miezi miwili, ameshameza lugha. Baba alikuwa anapiga ukuta.

Kioko akamweka Mwende juu ya baraza, akageuka. Petroli imeshamwagwa. Kiberiti kinatafutwa. Alipaza sauti, "Acheni! Si yeye! Nimekosea!" Lakini umati ule ulikuwa na akili ya kwanza mia mbili, za pili zote zimeachwa nyumbani. Mtu akasema, "Amepewa hongo huyo," wengine wakaitikia.

Basi akaanza na rafiki yake. Kavumbi alikuwa na tofali juu ya kichwa cha mzee. Kioko akampima, akachagua mahali, chini ya sikio, akampiga. Ile ndiyo ngumi ya kwanza aliyoifikiria kabla ya kuirusha. Kavumbi akaanguka na tofali lake. Mwenye petroli akavunjwa mkono, chupa ikapasuka. Wa tatu akala kichwa cha pua. Kisha wakamjia wote. Wakang'oa mpini wa mkokoteni wake mwenyewe, wakampiga nao mgongoni mpaka mpini wenyewe ukapasuka. Kioko akajitupa juu ya Mzee Taib, akamfunika kama turubai, akayapokea: mateke ya figo, mawe ya kisogo, rungu lililomvunja vidole vitatu vya mkono wa kulia. Chini yake alimsikia mzee anapumua kama mtungi unaovuja. Akashukuru kila pumzi.

Polisi walipiga risasi hewani, umati ukayeyuka kama ulivyokuja. Truphosa alifika nyuma yao, sare ya usafi mwilini, akampakata Mwende. Akatazama ule mlango uliolala sakafuni.

"Nani ameanza?" afande akauliza.

Kavumbi akajikokota, shavu limevimba kama tikiti. "Watu wa mbali, afande. Hatuwajui. Kioko ndiye alikuwa anamwokoa mzee, nyote mmeona."

Na kweli, wenye macho wangeona hivyo. Njia ilikuwa imefagiliwa safi. Akili ya kwanza ikamwambia, panda, twende. Kioko akamtazama mkewe, akamtazama mtoto. Akatema jino.

"Mimi," akasema. "Nilimpiga kabla ya kumuuliza."

Walimlaza korokoroni siku mbili. Mzee Taib alivunjika taya na mbavu tatu, lakini hakufa. Akaandika kwenye karatasi kwamba hataki kesi. Wapwa zake wao hawakuandika. Walisema Kioko akionekana tena Ndia Kuu watamtoa matumbo, na wala hawakuwa wakitania.

Alipotoka, alimkuta Truphosa kwenye kona ya kituo cha polisi, mabegi mawili miguuni, anangoja basi la saa kumi. Kioko hakubisha. Aliyapakia kwenye mkokoteni wake aliorudishiwa, umefungwa mpini wa mti, akamkalisha Mwende juu, akauvuta kwa mkono mmoja hadi Mwembe Tayari. Mtoto hakuigiza chochote njiani.

Pale mlangoni mwa basi Truphosa akasema, "Ungeweza kudanganya."

"Ningeweza."

"Hilo nimeliona. Nitalifikiria." Akamchukua mtoto. "Na usinipigie simu kuniharakisha, baba Mwende. Sijui ni wiki, sijui ni mwaka."

Basi likaondoka. Kioko akabaki amesimama, moshi unamwingia machoni. Nyuma yake dereva wa basi jingine akatoa kichwa dirishani. "Wewe bwege! Toa takataka yako barabarani, au mkeo alikuwa anakutolea?"

Na mkono ulishajifunga. Vile vidole vitatu vilivyovunjika vikajikunja ndani ya plasta vikapiga kelele mpaka kwenye meno, jasho likamtoka. Akasimama hivyo, ngumi imekunjwa, honi zinalia mbele na nyuma. Kisha akashika ule mpini wa mti, akauvuta mkokoteni pembeni.