Mama Alivyorudia Usichana

Mama alikuja kwangu Shinyanga baada ya kuuza pamba, akitokea kijijini karibu na Ushirombo. Alishuka stendi na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo hunipa kama bado niko darasa la tatu. Alikuwa na furaha kuliko nilivyomzoea. Alinitania unene wangu, akaitania bajaji iliyotuchukua, akamtania hata jirani yangu aliyekuja kumwamkia. Nilidhani pamba ya mwaka ule ilikuwa nzuri.

Kesho yake nilikuta kanga aliyoiloweka kwenye beseni uani. Maji yalikuwa mekundu. Mama ana wajukuu wanaonyoa ndevu, na siku zake zilikoma zamani, kabla mdogo wangu wa mwisho hajaoa. Nikamuuliza kuna nini. Akacheka, akajifunika mdomo kwa upande wa kitenge.

"Nimerudia usichana, mwanangu. Bahati mbaya baba yako kaondoka mapema."

Alinieleza bila hofu yoyote. Damu ilianza wakati wa palizi, kidogo kidogo, ikakoma, ikarudi. Wanawake wenzake wa jumuiya, wale wanaosali nyumba kwa nyumba, waliposikia walipiga vigelegele. Mmoja alimwambia ajiandae, wachumba watakuja na ng'ombe. Maumivu ya chini ya kitovu alikuwa nayo pia, lakini hayo aliyapa jina lake: nzoka. Kwetu nzoka ni nyoka, na ndilo jina la ugonjwa wa tumbo ambao Waswahili huuita chango. Bibi mmoja wa jirani alimchimbia mizizi, akamwambia anywe na uji.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile zilikuwa mlangoni kabisa. Jirani yangu wa kibanda sokoni, tuliyeuza naye mitumba miaka yote, tulimzika kwa damu ya namna hiyo hiyo. Naye aliiita majina mazuri. Ng'ombe akitoka damu kijijini kwetu, bwana mifugo anaitwa kabla jua halijazama. Mwanamke akitoka damu, anapigiwa vigelegele. Nilimwambia mama hivyo hivyo, naye akanuna mpaka chakula cha jioni.

Asubuhi tukaenda hospitali. Tulikaa kwenye benchi hadi miguu ikafa ganzi, ndipo tukaitwa kwa daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole. Alimwamkia shikamoo, akamuuliza anasumbuliwa na nini. Mama alijibu kwa Kiswahili chake kizito cha nyumbani. Kijana akatabasamu, akaacha kalamu.

"Mwangaluka, mayu."

Uso wa mama ukachanua kwa kusikia salamu ya asubuhi ya kwao. Mayu ni mama, na kwa Msukuma neno hilo si la kujaza nafasi. Akaitikia, akauliza kwao ni wapi, ukoo gani, na haikuchukua muda wakagundua kwamba bibi wa yule kijana aliolewa kijiji cha pili kutoka kwetu. Mama akambariki, akamtakia mke mwema na mifugo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nafurahi, najiambia leo tumepata mtu. Kumbe kila neno tamu lilikuwa linafunga mlango.

"Sasa mayu," akasema daktari, "panda pale kitandani, utoe nguo za chini, nikupime."

Mama akamtazama. Akafikiri hakusikia vizuri. Kijana akarudia, kwa heshima zaidi, na akamwita tena mayu. Mama akasimama, akakaza kitenge kiunoni.

"Mwanangu, unajua unachoniomba? Mtoto haoni uchi wa mama yake. Ni laana. Wewe bado hujaoa, mimi nikuharibie maisha?"

Hakuwa anaona haya. Laiti ingekuwa haya, ningeipigia kelele ikaisha. Alikuwa anamlinda. Kijana alijaribu kueleza kwamba pale yeye ni daktari tu, si mtoto wa mtu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mama alimshika kichwani kumbariki, akatoka nje.

Nilimgombeza barazani mbele za watu, na sijutii. Nilimwambia laana iko tumboni mwake, si kwenye macho ya yule kijana. Watu waligeuka. Mama mmoja aliyekuwa na mjukuu mgongoni akaniambia, "Taratibu, huyo ni mzazi." Nikamjibu kwamba ndiyo maana nagomba. Niliporudi ndani kuuliza kama kuna mwanamke wa kumpima, nikaambiwa mkunga mwenye kazi hiyo yuko likizo, turudi mwezi unaofuata. Mama akapanda basi akarudi kwenye mbuzi zake.

Mwezi uliofuata alisema kuna msiba. Uliofuata, mvua imewahi na shamba halijalimwa. Nikapanda basi mwenyewe, nikamkuta amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. Utani ulikuwa umekwisha. Hakubishana, alifunga nguo zake tukaondoka.

Safari hii mkunga alikuwepo, mtu mzima, na mama alipanda kitandani bila neno. Walikata kinyama, wakakipeleka kupimwa. Majibu yaliporudi, aliyetusomea ni yule yule kijana. Alisoma kimya kwanza, kisha akavuta kiti akakaa karibu na mama, akamweleza kwa Kisukuma, polepole. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imetoka pale ilipoanzia. Angeandikiwa kwenda Mwanza kupigwa mionzi. Mionzi ingepunguza damu na maumivu. Kuhusu kupona hakusema.

Mama aliuliza swali moja tu.

"Ningekubali ile siku ya kwanza?"

Kijana aliinamisha kichwa. Nilitamani adanganye.

"Ingekuwa nafuu, mayu."

Mama akanyoosha mkono kwangu, akataka simu. Nilidhani anampigia mdogo wangu. Akaniambia nimtafutie mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, aliyeolewa kule Mhunze. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa kwa sababu mama hasikii vizuri. Mama mdogo alipokea akicheka, kama kawaida yake, akauliza msichana mwenzake hajambo.

Msichana mwenzake.

"Yako imekoma?" mama akauliza.

"Bado, dada. Tangu mavuno. Tutaolewa siku moja."

Mama hakucheka.

"Panda gari kesho, uje hospitali huku Shinyanga. Utamkuta daktari kijana, mtoto wa kwetu. Akikuita mayu, usimwitikie. Mwambie akupime kwanza."