Jedwali la Lini

Juzi binti yangu alitafuta kipeo cha hesabu yake ya shule kwa simu, na jibu likaja kabla sijakaa vizuri kitini. Sijui kwa nini nilichoka ghafla, nikajikuta nimerudi kimawazo Nyamirambo, mtaa wa utoto wangu.

Mchana ule mama alikuwa anapiga pasi nguo za wateja, na nyumba nzima ilinuka mkaa na kitambaa kibichi. Dada Zaina alikuwa akipitisha kidole kwenye jedwali la logi, katika kitabu chake cha hesabu. Unaanza na mdudu mmoja, alinieleza, na wanaongezeka maradufu kila saa. Watafika elfu lini?

"Kitabu iko inajua?" nikauliza.

"Inajua. Unachukua logi ya elfu, unagawanya kwa logi ya mbili, basi."

"Tafuta baba atarudi lini."

Askari walikuwa wamemchukua tangu mvua zianze. Mkono wa mama ukasimama. Dada akafungua ukurasa mwingine, akashusha kidole polepole mpaka mstari wa mwisho, akasema, "Karibu."

Kola ikaanza kuungua, na hakuna aliyeinua pasi.

Nilimwamini miaka mingi. Sasa najua kwamba hesabu ile inataka ujue unapoanzia, mwendo wako, na unapoishia. Sisi tulijua tulipoanzia tu.