Mikono Kwenye Picha ya Jovia

Docus alizaliwa kota za askari, akalelewa kota, na alipoolewa akaingia kota nyingine. Baba yake alikuwa polisi, mtu wa kuhamishwahamishwa: leo Mbale, mwakani Tororo, halafu Soroti, na kila uhamisho familia inapakiwa kwenye lori pamoja na magodoro na kuku. Ukimwuliza nyumba alimozaliwa ilikuwaje, hajui. Picha ya utotoni anayo moja tu, aliyopigwa studio mjini Mbale: amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria, viatu vya kuazima miguuni, uso umenuna. Ndege, jamani! Mtoto wa konstebo, aliyekuwa akilala sakafuni na nduguze, eti yuko uwanja wa ndege. Picha ile ilimkera maisha yake yote, na hakuona haya kusema. "Nilikuwa na nyumba mimi," angesema. "Kwa nini hawakunipiga nyumbani?"

Alipomzaa Jovia akaapa kwamba mtoto wake hatasimamishwa mbele ya pazia la mtu. Mumewe, Wanyama, Msamia wa Busia, alikuwa koplo katika gereza moja la Jinja. Docus mwenyewe ni Mgisu wa chini ya mlima Wanale, kwa hiyo nyumbani kwao walisema Kiswahili, kile kile cha kambini, na Jovia akakiokota humo humo, amri na matusi pamoja. Usingeweza kumpita mtoto yule mlangoni bila kuulizwa, "Wewe nani? Simama hapo!"

Albamu alinunua kwa Habibah, mama wa Kinubi mwenye kiduka cha kopi na picha kule Nalufenya. Ukoo wa Habibah uliingia nchi hii na bunduki begani, kutoka Sudani, zamani za mababu. Yeye aliingia biashara, na alikuwa na mdomo wa sokoni. Alimfungulia Docus albamu juu ya meza.

"Hii si ya kubandika na gundi, mwanangu. Angalia. Kila ukurasa una vifuko vya nailoni. Kikubwa tia picha. Hiki kidogo cha pembeni tia kadi, uandike maneno mawili matatu. Ukipenda tia na unywele wa mtoto."

"Unywele nitie nionekane mchawi?"

"Basi tia wa mumeo, kama bado anao." Wakacheka, wote wawili wakijua upara wa Wanyama ulipofikia.

Docus aliipanga albamu ile kama mtu anayepanga nyumba. Harusi hapana. Krismasi hapana. Mtu kuambiwa asimame wima atabasamu, hapana kabisa. Alitaka ukurasa wa kufua, ukurasa wa kusonga posho, ugali wa kwetu, ukurasa wa Jovia anaogeshwa kwenye beseni huku akipiga kelele, ukurasa wa baba amelala mchana na buti miguuni baada ya zamu ya usiku. "Humu hakuna kudanganya," alimwambia Habibah. "Mtoto akikua afungue aone, aha, kumbe nilikaa hapa, tulikula hiki." Kila akipata nafasi alikwenda na simu yake, Habibah akachapa picha, kisha akazifuta mbele ya macho yake. Ndiyo ilikuwa desturi yake kwa wateja wote. Picha za watu hakukaa nazo.

Na ukurasa wa maji. Huo ndio uliomaliza watu.

Bomba la kota lilikuwa kavu siku zote, na maji yaliletwa na wafungwa, madumu mawili mawili. Aliyepangiwa safu ya akina Docus aliitwa Mutwalibu, mtu mrefu, mpole, aliyekaribia kumaliza kifungo chake cha wizi wa ng'ombe. Jovia akiona sare ya njano inatokea kwenye kona, ameacha uji, ameacha mdoli, anakimbia: "Mutwa! Mutwa!" Mutwalibu anatua madumu, anamkweza mabegani, anamzungusha uani mara moja, basi. Wanyama hakuwahi kumbeba mtoto hivyo. Akiwa na sare ni mwiko, askari habebi mtoto mabegani. Akiivua sare amekwisha lala. Hakuwa baba mbaya. Alikuwa amechoka tu.

Siku moja, Jumanne, Jovia alipanda mabegani akakataa kushuka. Docus akampiga picha hapo hapo. Mtoto amefungua mdomo wote kwa kicheko, Mutwalibu amemshika vifundo vya miguu asianguke. Kwenye kadi akaandika: *Jumanne. Mutwa kaleta maji. Jovia kakataa kushuka.* Picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Sasa niambie wewe, mtu gani anapiga picha kama ile kambini? Mgeni akiingia pale, kitu cha kwanza kuona ni mnara wa mlinzi, seng'enge, na watu wa njano. Getini kuna kibao kikubwa kinachokataza kupiga picha. Docus alipita chini ya kibao kile kila siku akiwa na kapu la sokoni. Hakukiona. Mtoto wa kota hakioni. Kwake seng'enge ilikuwa mahali pa kuanika nguo, mnara ulikuwa kivuli cha kukalia mchana ukichambua mchele, na Mutwalibu alikuwa Mutwa wa maji. Mnara ulikuwamo karibu katika kila picha, na yeye haukumjia akilini hata mara moja.

Kisha Jovia akaamka na homa. Wakampa dawa, jioni akacheza, wakashukuru Mungu. Kesho yake degedege likampata, na walipomfikisha kwa daktari ilikuwa imechelewa. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Alikuwa na miaka minne, na Docus alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu.

Walimzika Busia, kwa kina Wanyama. Docus alikaa mkekani na albamu mapajani, na kila mama aliyekuja kumpa pole alifunguliwa. "Huyu hapa anaoga. Huyu hapa anakataa uji." Watu walilia na kufunua kurasa. Arnold, mdogo wake Wanyama, alipofika ukurasa wa maji akashindwa kujizuia. Akatoa simu, akapiga ile picha ya kicheko, akaizungushia maua na mshumaa, akaituma kwenye kundi la ukoo: *Pumzika, malaika wetu.* Alifanya kwa mapenzi, maskini. Kundi la ukoo likatuma kwa marafiki, marafiki kwa marafiki, na kabla matanga hayajavunjika picha ilikuwa imefika kwa wakubwa wa kazi.

Waliporudi Jinja, Afande Geresom, mkuu wa kituo, alikuja nyumbani kwao mwenyewe, kofia mkononi. Alitoa pole. Alikubali chai. Kisha akafunga mlango.

"Wanyama, picha hii nimeletewa kutoka juu. Mfungwa yuko uani kwako, hana askari wa kumlinda, ana mtoto mabegani, na nyuma yake mnara wangu wote unaonekana. Unataka niwaambie nini?"

"Ni picha ya msiba, Afande."

"Najua ni ya msiba! Ningekuwa sijui ningekaa hapa kunywa chai?" Akashusha sauti. "Kesho wanakuja kupekua. Wakikuta picha yoyote yenye mnara, yenye seng'enge, yenye njano, kazi imekwisha, na kota mnatoka siku hiyo hiyo. Simu nipeni, nifute mwenyewe. Na ndugu zako wote wafute."

"Na albamu, Afande?" Docus akauliza.

Mzee yule alijaribu kumtazama akashindwa. "Ilitakiwa kuchomwa, mama Jovia. Lakini nami ni mzazi. Kateni. Mtoto abaki, mengine yote yatoke."

Docus alimtafutia ubaya asiupate, na hilo lilimwuma zaidi. Angepata mtu wa kumlaani angelala.

Ukoo ulifuta, kwa hofu, maana mshahara wa Wanyama ulikuwa ukilisha nyumba nyingi kule Busia. Wanyama akapanda boda mbio hadi Nalufenya kuuliza kama kompyuta ya Habibah ilibaki na chochote. Habibah alishika kichwa. "Wallahi, bwana, sina. Nilifuta zote, ndiyo heshima yangu. Leo natamani ningekuwa mwizi." Akakaa nyuma ya meza yake akalia, wateja wakamngoja.

Alasiri hiyo Docus alitandika mkeka, akachukua mkasi. Wanyama ndiye aliyeanza, akajaribu ile ya beseni, mkono ukakataa, akaweka mkasi chini. Basi mama mtu akakata. Alikata mnara, akakata seng'enge na kanga zilizoanikwa juu yake, akakata mlango, dirisha, jiko la mkaa, sufuria, kuku wa jirani. Kile alichokipanga kwa miezi kilikusanyika mkekani vipandevipande: nyumba yenyewe, siku zenyewe. Ndani ya vifuko akamrudisha Jovia peke yake. Jovia ameinamia maji yasiyokuwapo. Jovia amenyoosha mkono kwa kitu kilichokatwa.

Alipofika kwenye picha ya maji alikata kichwa cha Mutwalibu, akakata mabega, akafika kwenye miguu ya mtoto akasimama.

"Na vidole hivyo," Wanyama akasema.

"Nikivikata vidole namkata miguu."

"Docus..."

"Mwanangu simkati miguu. Kama ni kunifunga waje wanifunge." Alisema hivyo kwa sauti hata majirani wakasikia.

Vidole vikabaki. Kadi akaichana, kwa kuwa ilikuwa na jina la mtu.

Wapekuzi walikuja, wakafunua kurasa. Askari mmoja mwanamke alitoa kitambaa akajifuta macho, akafunga albamu kabla ya wenzake kufika mwisho. Wanyama hakufukuzwa. Alivuliwa cheo, akahamishiwa Mbale. Mutwalibu alipelekwa gereza jingine mbali kaskazini, na nasikia siku alipoambiwa kwamba yule mtoto amekufa aliomba ruhusa ya kukaa chini. Kama alitoka, kama bado yumo, Docus hajui mpaka leo, na hana wa kumwuliza.

Mbale hawakupata kota. Walipanga chumba mtaa wa Namatala, katikati ya wauza matoke na wabeba mizigo, na humo akazaliwa Gorreti. Albamu ilikaa chini ya nguo kwenye sanduku. Docus hakuongeza picha hata moja. Jirani akimwambia ampige mtoto picha, alijibu kwamba simu yake ni mbovu.

Sasa Gorreti amempita dada yake umri. Ameanza shule, anasoma kila kitu, mifuko ya sukari, mabango, kila kitu kwa sauti. Jumapili moja mvua ilipokuwa inanyesha Wanale wote ukawa haupo, Docus yuko jikoni kwenye veranda, Wanyama anashona buti lake, Gorreti akatoka na albamu mikononi.

"Mama, Jovia kakaa juu ya nini?"

Docus akafuta mikono kwenye kanga. Alijua ni ukurasa upi kabla hajatazama. Mtoto ameketi hewani, miguu wazi, anacheka na mdomo wote, na vidole vya mtu mzima vimeshika vifundo vyake.

"Na hii mikono ya nani?"

Wanyama akaacha kushona. Docus alifungua mdomo kusema Mutwa. Akafikiria shule ya Gorreti, na midomo ya watoto, na swali litakalofuata, mfungwa alikuwa anafanya nini nyumbani kwetu, na mengine baada ya hilo. Akafikiria pia Wanyama, aliyekuwa amekaa pale.

"Ya baba yako," akasema.

Gorreti akamgeukia baba yake kana kwamba amemkamata. "Kumbe! Mimi mbona hunibebi hivyo? Nibebe!"

Wanyama alisimama taratibu. Akamkweza. Hakujua pa kushika, akashika magoti. "Siyo hapo, Baba," mtoto akamfokea kutoka juu. "Hapa, na hapa. Kama kwenye picha." Akashika pale alipoambiwa. Docus alimwona mumewe machozi yakimtoka, na mtoto juu hawezi kuyaona, akamwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu Jinja.

Jioni mvua ilipokatika Gorreti akarudi na swali jingine. Vifuko vingine vyote vidogo vina kadi, hiki mbona kitupu? Asome nini?

Docus akakata kipande cha kadi kutoka kwenye boksi la viatu. Akakumbuka pazia la ndege, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama mama yake naye alikuwa na sababu ya kumsimamisha pale. Akaandika: *Jumanne. Baba kambeba Jovia. Jovia kakataa kushuka.* Akaitia kwenye kifuko, na Gorreti akaisoma kwa sauti hadi mwisho bila kukosea. Wanyama alimsikiliza akiwa mlangoni. Kadi hakuitoa.