Marahaba Nisiyoisikia

Juzi huko Muyeye nilimwona mtoto aliyezibwa pamba sikioni, mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye sikio langu la kushoto. Utotoni lilikuwa halikauki usaha. Bibi alilitia mafuta ya nazi vuguvugu yaliyokaangiwa kitunguu saumu, yakachanganyika na uvundo wangu mwenyewe.

Alasiri moja alikuwa barazani na wenziwe wakisuka ukili wa mikeka. Nikapita karibu naye.

"Shikamoo, Bibi."

Kimya. Nikarudia, kimya vilevile. Nikaamini kuwa harufu yangu imemkinaisha, ndiyo maana kaninyima marahaba mbele za watu. Nikajifunika mtandio hadi mashavuni, nikakimbilia ndani. Tangu hapo nikawa nampita bila kumwamkia.

"Mjukuu wako hana adabu!" jirani alipaza sauti siku moja. Hilo nililisikia.

Ukubwani daktari alinipima, akaniambia maradhi yale yalikula vifupa vya ndani ya sikio tangu utotoni, na mshipa wa kusikia sasa huitika kwa kuchelewa, tena kwa unyonge.

Siku ile ya barazani Bibi alikuwa amekaa kushoto kwangu. Marahaba aliitoa, sikio langu ndilo lililoshindwa kuipokea. Mimi ndiye niliyemnyima shikamoo, hadi tukamzika.