Mafua Yaliyobadili Fulana

Waliotaka kuniua nawajua, na nawataja. Wa kwanza ni msimamizi wa ghala la korosho, pale karibu na bandari, aliyesema kuli atakayelala nyumbani kwa sababu ya mafua asirudi tena. Wa pili ni shemeji yangu wa Mahurunga. Alikuja kwetu anakohoa kama trekta bovu, akala sahani moja na mimi. "Mafua tu haya, shemeji." Yeye akapona upesi. Mimi yakanishuka kifuani, nikalazwa, nikawa napumua kwa mpira wa oksijeni.

Nilipopata nafuu nikamuuliza muuguzi kwa hasira, "Mwanangu, si niliyaugua haya haya mwaka juzi? Mwili umesahau?"

"Baba, huko kazini getini mnaingiaje?"

"Kwa fulana. Kila genge na rangi yake."

"Sasa mwizi aliyefukuzwa akiwa na nyekundu, akirudi na ya kijani?"

Nilicheka mpaka kifua kikauma. Lilishatutokea! Mlinzi wetu alimpisha na shikamoo juu.

"Basi kirusi cha mafua ndivyo kilivyo," akasema. "Kinga ya mwili inakariri vazi la nje. Kirusi kikijizalisha kinakosea kosea, vazi linabadilika kidogo kidogo, mwisho mlinzi wako wa mwaka juzi hakijui vizuri. Na kikishaingia, kinamziba mdomo mlinzi wa ndani asiwahi kupiga filimbi."

Maneno hayo nilimsimulia mke wangu, na nikajuta, maana hayasahau.

Msimu huu binti yetu alikuja kujifungulia kwetu. Mjukuu wa kwanza huyo, wa kike. Niliahidiwa kwamba akitimiza arobaini, nitambeba mimi kumtoa nje. Asubuhi ya siku yenyewe nikaamka koo linawasha. Nikajipa moyo: mimi mafua yameshanifikisha hospitali, yatanifanya nini tena? Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaenda. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni kwa mzazi. Nikapiga chafya moja tu.

"Babu, leo umekuja na fulana gani?"

"Aa, vumbi la magunia hili."

"Na kaka yangu alisema mafua tu."

Mwanamke huyu anajua pa kunichoma. Nikageuka, nikaenda kukaa mwisho wa uwanja, kitambaa puani.

Na nani akapewa kumtoa mtoto? Shemeji yule yule, siku hiyo mzima kama chuma, meno yote nje. Vigelegele vikapigwa. Mtoto akafumba macho kwa jua, akapiga mwayo mkubwa, pua safi, kifua chepesi. Nikajikuta natabasamu nyuma ya kitambaa.

"Pole, shemeji!" akaniita. "Nimlete umwone?"

"Ishia hapo hapo," nikamwambia. "Na kichwa mshike vizuri."