Maksai Wawili na Handaki la Mjerumani

Mimi si mtu wa kuogopa shimo. Nasema mapema kwa sababu kaka yangu akisimulia habari hii hudai nilishuka nikitetemeka. Mwongo mkubwa. Nilishuka na hasira, na mwenye hasira hapati nafasi ya kutetemeka.

Nilikuwa Bariadi, kwenye kibanda changu cha kushonea, sare ya shule iko chini ya sindano, simu ya mama ikaingia. Mama huwa anabipu tu. Siku hiyo alipiga. "Njoo nyumbani. Kaka yako anawatoa maksai." "Anampa nani?" nikauliza. "Mtu wa kipimo." Niliacha sare hapo hapo kwenye cherehani, nikachukua bodaboda mpaka kwetu Zagayu.

Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, majirani wameshaanza kulima pamba. Sisi bila wale maksai wawili ni jembe la mkono, na mama ni mtu mzima, mgongo wake umeshachoka. Hiyo kazi naijua. Nikiwa darasa la tatu, maksai wa baba walikufa wote wawili kwa ugonjwa wa ndigana, tukalima msimu mzima kwa mkono, kisha tukala uji wa mtama mara moja kwa siku. Niliapa sitaona tena mwaka kama ule.

Mwisho wa shamba letu kuna mawe makubwa, na kati ya mawe kuna handaki. Wazee husema askari wa Mjerumani walijificha humo chini alipokuwa anapigana na Mwingereza. Sasa huku kwetu, popote Mjerumani alipopanga jiwe juu ya jiwe, watu wanaamini aliacha dhahabu chini yake. Hata kama ni choo. Marehemu baba aliuziba mlango wa handaki kwa matawi ya miiba, akatuambia kuna chatu, nasi tukakaa mbali.

Nilimkuta kaka pale na bwana mmoja mgeni, miwani ya jua, mkononi ana kipimo chake, mashine inayolia lia ikinusa mali chini ya ardhi. Maksai wamefungwa kwenye mgunga kwa kamba mpya. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, anaitazama ile miiba.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia mama kwa Kisukuma. Akaitikia kwa kichwa.

Bwana wa kipimo akanieleza taratibu, kama daktari, kwamba mali ipo, ila mlinzi wake anataka ng'ombe wawili weusi. Kwanza ng'ombe waondoke, ndipo mali itoke.

"Huyo mlinzi ndiye anayekula nyama, au ni wewe?" nikamuuliza.

"Mdogo wangu, shika adabu," kaka akasema. "Mashine imelia kwa macho yangu."

"Kwa macho yako! Haya. Nashuka mimi, sasa hivi, mchana kweupe. Nikikuta rupia ya Mjerumani hata moja, mpe ng'ombe na mbuzi juu. Nisipokuta, wanarudi zizini."

Yule bwana akasema mwanamke haruhusiwi kushuka. Hapo ndipo nilipofunga kanga kiunoni.

Tuliondoa miiba kwa panga. Ngazi zilikuwa saba, za mawe, zimeliwa pembeni. Nikawasha tochi ya simu. Harufu ya mavi ya popo ilinipiga usoni, nikaziba pua kwa ncha ya kanga. Chini ni chumba kimoja, kuta nene, dari ya zege, na matundu mawili membamba ya kutolea bunduki, yanayotazama bondeni. Nilitazama nje kupitia tundu moja nikaliona shamba letu lote, hadi nyumbani. Chatu hakuna. Rupia hakuna.

Kulikuwa na shimo. Upande wa kushoto sakafu ilikuwa imevunjwa, pamechimbwa kufika kifuani kwangu. Ndani ya shimo, koroboi iliyoshika kutu na sururu.

Nikaupangusa mpini. Mistari miwili na duara, vimechomwa kwa chuma cha moto. Baba aliziwekea alama hiyo zana zake zote, maana majirani wakiazima husahau kurudisha. Na sururu hii naikumbuka ilivyopotea. Baba alimlaani mwizi wake miezi mizima, mwaka ule ule wa ndigana. Nikakaa kwenye ukingo wa shimo nikalia, na sioni aibu kusema.

Nilipotoka, nilimtupia kaka sururu miguuni. Akaiona alama. Nilidhani itamzindua. Thubutu!

"Umeona?" akapiga kelele. "Hata baba alijua ipo!"

Bwana wa kipimo akatabasamu, akaanza kufungua kamba ya maksai. Mama akainuka.

"Ng'ombe wa baba yenu hawakuugua," akasema. "Alikuja mtu kama huyu, hana mashine, ana kibuyu. Akaondoka nao. Baba yenu alichimba siku tisa, mimi ndiye niliyemshikia koroboi. Siku ya kumi tukakubaliana tuwaambie ni ndigana." Akamgeukia kaka. "Ulikuwa unalia njaa, mwanangu, nami nakudanganya."

Kaka alikwenda kwenye mgunga, akaichukua kamba mkononi mwa yule bwana, akawaongoza maksai zizini bila kutazama nyuma. Bwana alibaki na mashine yake, inalia.

Kesho yake asubuhi tulilima. Kaka ameshika plau, mimi niko mbele naongoza maksai, mama nyuma anadondosha mbegu kwenye mfereji. Tulipofika mwisho wa shamba, mama akasimama akilitazama handaki.

"Baba yenu alianzia kuchimba kushoto," akasema. "Mimi nilimwambia aanzie kulia."

Kaka akanitazama.

"Geuza plau," nikamwambia.